Filta ya polaraiza kwa picha za misitu na maziwa: tazama pete kabla ya kioo

Malalamiko ya wasomaji masika haya ni ya aina mbili. Wapo ambao majani ya msituni yanawatokea meupe kwenye picha, na wapo walionunua filta ya polaraiza, yaani kioo kilicho ndani ya pete inayofungwa mbele ya lenzi, ili kuuondoa weupe huo, wakaishia na filta iliyong'ang'ania kwenye lenzi na haitoki tena. Ninawaandikia hawa wa pili, na wale wa kwanza kabla hawajaenda dukani.

Kazi ya filta hii haiigiziki baadaye kwa programu ya kompyuta. Jani lililolowa huakisi anga, na polaraiza huukata mng'aro huo hadi kijani chenyewe kikaonekana, hata chini ya mawingu mazito ya Juni na Julai kule Arusha. Ukisimama ukingoni mwa Ziwa Duluti na kuizungusha pete polepole, utaona majani yaliyozama yakijitokeza, kisha yakifunikwa tena na taswira ya anga. Wakati wa kiangazi filta hulikoleza anga la buluu, hasa ukiwa na jua ubavuni, ingawa lenzi ya pembe pana sana hulifanya litoke na mabaka. Gharama yake ni mwanga wa stopu moja hadi mbili (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu), kwa hiyo chini ya miti ya hifadhi ya Amani, kule Usambara, utahitaji tripodi. Mbele ya maporomoko ya Sanje, kule Udzungwa, upungufu huohuo ni faida, kwa kuwa shata ya polepole, yaani kilango cha kamera kinachokaa wazi kwa muda mrefu zaidi, huyalainisha maji.

Wauzaji watakuhubiria ubora wa kioo na tabaka za kuzuia maji. Mimi nitang'ang'ana na pete, kwa sababu ndiyo inayoharibu safari. Pete ya aluminiamu ikifungwa kwenye nyuzi za skrubu za lenzi, nazo za aluminiamu, kisha unyevu na chembe za mchanga zikaingia, hukabana. Na polaraiza ni mbaya kuliko filta nyingine zote kwa kuwa imeundwa ili izungushwe. Sehemu ya mbele ikiwa ngumu, kila ukiizungusha kuelekea kufunga unazidi kuikaza kwenye lenzi, na ukiizungusha kuelekea kufungua unailegeza, hadi siku moja itumbukie mtoni. Iliyokwama usiibane kwa koleo: ikandamize bapa kwenye soli ya kandambili safi, uzungushe lenzi taratibu, mara nyingi itaachia.

Ndiyo maana nafasi ya kwanza ninaipa B+W ya Ujerumani yenye pete ya shaba ya njano, na sioni haya kusema kwamba ninaipendelea. Ni nzito mkononi, sehemu yake ya mbele huzunguka bila kukwaruza, na shaba haikabani na aluminiamu kwa urahisi. Ya pili ni Hoya ya Japani, toleo la HD, ambalo kioo chake kimeimarishwa na hupitisha mwanga mwingi zaidi kuliko polaraiza za kawaida, jambo la thamani msituni. Laiti pete yake isingekuwa ya aluminiamu, ningesita kuipanga ya pili. K&F Concept inamtosha anayeanza. Zisizo na jina sizijadili.

Nunua kipenyo cha lenzi yako kubwa kuliko zote, tuseme milimita 77, kisha pete ya kuunganishia kwa ile ndogo ya milimita 58, nayo pia iwe ya shaba ukiipata.

Limebaki suala la bei, ambalo linanikera. Katika maduka mengi ya Kariakoo niliyopita bei haijaandikwa popote. Muuzaji hutazama kwanza kamera iliyo shingoni mwako, ndipo ataje kiasi, na wengine hutaja dola ilhali duka liko Dar es Salaam. Lililo baya zaidi ni vioo vya rangi vinavyouzwa kwa jina la polaraiza. Dawa yake iko juu ya meza ya muuzaji: mwombe kikokotoo, shika filta upande wa nyuzi ukielekea jicho lako, uizungushe mbele ya tarakimu. Skrini ikigeuka nyeusi tititi kisha ikarudi, hiyo ni polaraiza. Ikibaki vilevile mzunguko mzima, mrudishie kabla hajaanza kuandika risiti.