Mashine ya kusaga ya Nkuhungu, Dodoma: nyota nne, ya tano nimeizuia kwa sababu ya vumbi

Nina ugonjwa wa siliaki. Nikila gluteni, ile protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai, kinga ya mwili wangu inaugeukia utumbo wangu mwembamba na kuushambulia. Kwa hiyo mashine ya kusaga naichagua kama wengine wanavyochagua fundi wa harusi.

Aliyeanza kugundulika ni kaka yangu anayeishi Leeds, Uingereza. Daktari wake akamwambia ndugu wa tumbo moja tupimwe, kwa kuwa takriban mmoja kati ya kumi wetu huwa nao. Karibu kila mgonjwa amerithi jeni ya HLA-DQ2 au DQ8. Ila jeni peke yake si ugonjwa: huko Ulaya watu 30 hadi 40 katika kila mia wanazo, na wanaougua ni kama mmoja tu. Ukikosa zote mbili, lala usingizi. Ukiwa nazo, bado unahitaji kipimo cha damu, na usiache ngano kabla ya kupimwa, majibu yatakudanganya. Shangazi hataki kusikia habari hizi. Kwake ni vidonda vya tumbo tu.

Kwa chakula, sisi Wagogo hatuna shida. Uwele, mtama, mahindi, mchele wa Bahi, vyote havina gluteni, na ugali wa uwele kwa mlenda siuchoki. Balaa liko mashineni. Mashine nyingi za mtaani zinasaga unga wa lishe humo humo, na watu wanachanganya ulezi, soya, karanga na ngano. Unga wa aliyekutangulia unabaki kwenye chekeche, unashuka na wako. Kule nilikokuwa nasaga zamani niliambiwa, "Dada, ngano kidogo haina neno." Ina neno.

Hapa Nkuhungu mama mmoja ana mashine mbili. Moja, ya kushoto, ni ya mahindi, mtama, uwele na ulezi mtupu basi. Lishe, ngano na chakula cha kuku viko upande wa pili. Hakuzitenga kwa ajili yangu: wateja walichoka ugali unaonuka dagaa. Lakini nilipomweleza hali yangu alinisikiliza mpaka mwisho, na sasa nikifika ananiwahi yeye, "Njoo mwanangu, ngano bado hatujaigusa leo."

Kasoro zipo. Banda ni moja, na mashine ya pili ikianza vumbi halijui mpaka, ndiyo maana naenda asubuhi tu. Vijana wa jioni wanapimia kila kitu kwa debe lilelile, kwa hiyo nabeba la kwangu. Kukoboa uwele hawajui vizuri, pumba zinabaki, utachekecha nyumbani. Na saga kidogo kidogo: unga wa uwele una mafuta, ukikaa unakuwa mchungu, hapo usimlaumu mama.

Pale mlangoni wanauza pia unga wa lishe wa pakiti. Nilimuuliza mama una nini ndani, akanitajia vyote bila kuficha, na ngano ikiwemo. Kama una mtoto mwenye siliaki, huo uuache hapo hapo, nunua ulezi mtupu uusagishe mashine ya kushoto.