Fundi wa Chake alivyozituliza kadi zangu nne

Wiki tatu mfululizo mtambo wangu wa kuchimba sarafu za kidijitali, yaani kompyuta inayopiga hesabu mchana na usiku na kulipwa sarafu kwa majibu yake, ulikuwa ukiganda kila usiku. Nina kadi nne za grafiki, GTX 1660 Super, nilizozinunua mtumba. Zimepangwa kwenye fremu ya mbao chumba cha nyuma cha duka langu la fotokopi hapa Wete, Pemba. Fundi wa kwanza alizipandisha kasi ya kumbukumbu hadi kila moja ikasoma megahashi 33 (ndicho kipimo cha kasi ya uchimbaji), nami nikafurahi na kumlipa. Nikiamka kwa sala ya alfajiri nakuta skrini imesimama na kadi mbili hazionekani. Saa zote tangu ulipoganda zimepotea.

Jirani akanielekeza kwa kijana mmoja wa Chake Chake. Alisema atakuja Jumamosi, akaja Jumatatu. Alibeba kipima wati cha kuchomeka ukutani, brashi na tyubu ya grisi ya kupozea. Hakugusa kompyuta. Aliuliza kwanza, "Mama, unachimba nini?"

Nikamwambia Ethereum Classic. Akaniketisha akanieleza jambo ambalo sikuwahi kuambiwa na mtu. Sarafu ile inategemea zaidi kasi ya kumbukumbu ya kadi, kiini, yaani sehemu inayopiga hesabu, hakina kazi kubwa, kwa hiyo kiini hupunguzwa mwendo na volteji, na umeme mwingi huokoka. Ravencoin, sarafu nyingine, ni kinyume chake, inakitumikisha kiini hasa, na ukihamia huko na vipimo vilevile vya kasi na volteji ulivyoipangia kadi utapata hasara. Yule wa kwanza hakuniuliza hata jina la sarafu.

Akafungua feni. Ndani mlikuwa na vumbi la makonyo, maana msimu wa karafuu naanika uani, na upepo unaingiza kila kitu. Vibati vya kadi vilishaanza kutu kwa hewa ya bahari. Akasafisha, akabadilisha grisi, akarudisha vipimo vya kiwandani na kupima: wati 580 ukutani kwa mtambo mzima.

Hapo ndipo subira yake ilipoonekana. Alikifunga kiini kwenye megahezi 1,050, kisha akawa anaongeza kasi ya kumbukumbu kwa megahezi hamsini hamsini, kadi moja baada ya nyingine, na kila hatua anangoja. Wala haangalii kasi. Anaangalia hesabu ya majibu yenye makosa, yale yanayokataliwa. Kadi tatu zilifika 1,000 juu ya kiwango cha kiwandani bila kosa. Ya nne ilianza kukosea kwenye 900, akairudisha 750 na kuiacha hapo. Nikamwomba aisukume kidogo ilingane na wenzake. "Hii ndiyo nguvu yake, mama. Ukiilazimisha itaziangusha zote nne." Leo inatoa megahashi 29, nyingine zinatoa 31.

Ukutani sasa ni wati 390. Joto limeshuka kutoka nyuzi 76 hadi 60, feni zikiwa asilimia 65. Wati 190 zilizookolewa ni uniti nne na nusu kwa siku, na mie ndiye ninayenunua umeme wa Tukuza, ule wa kulipia kabla, kwa fedha ya dukani, kwa hiyo naiona tofauti hiyo kila wiki. Ethereum yenyewe, sarafu kubwa iliyokuwa ikichimbwa kwa kadi hizi, iliacha uchimbaji Septemba 2022, na sarafu zilizobaki zinawalipa kidogo wenye kadi kama zangu. Asiyepunguza wati anaichimbia kampuni ya umeme.

Lililonifurahisha zaidi ni suala la umeme kukatika. Pemba tunapata umeme kutoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu 2010, na ukikatika kwetu, ukirudi kompyuta lazima ijiwashe yenyewe, na vipimo viingie kabla uchimbaji haujaanza. Kijana akanitaka nizime swichi kubwa mara tatu. Mara zote tatu mtambo ulirudi ukiwa na vipimo vyake.

Kasoro zake mbili nazisema waziwazi. Hakuniandikia vipimo mpaka nilipodai, na waya mmoja wa kuunganishia kadi ulikuwa na kutu, aliuona asubuhi akaniambia jioni anaondoka. Mpya nilinunua mwenyewe baadaye.

Alinitoza 25,000 kwa kadi, grisi ikiwemo. Ni wiki ya sita sasa na mtambo haujaganda hata usiku mmoja. Anayetaka namba kubwa ya kuwaonyesha marafiki asimwite, hatampa. Ukimwita, usizifungue kadi kwenye fremu wala usizipeleke Chake bila mtambo wake. Mwache azipime hapohapo zilipo, kwa umeme wako na joto la chumba chako, na umwekee karatasi na kalamu mezani tangu anapoingia.