Fundi amplifaya wa Mwanga, Kigoma: kazi safi ila uwe na subira

Wenye miziki ya kukodisha hapa Kigoma mnanielewa, amplifaya ikizima tu kila fundi anakwambia tupa hiyo kanunue mpya. Mi yangu ya kizamani, chaneli mbili, ukiona transfoma lake tu utajua kwa nini sikutaka kuitupa. Sasa kuna jamaa ana kibanda Mwanga, upande wa sokoni, amezungukwa na mafundi simu ila yeye simu hagusi, ni redio na amplifaya tu. Nimeichukua kwake juzi.

Ugonjwa wenyewe: chaneli ya kulia kimya, ya kushoto inalia ila ina mvumo mzito hata ukishusha voliumu mpaka chini. Na ilikuwa imeshapita kwa fundi mwingine, simtaji, ambaye fyuzi ilivyokuwa inakata kila akibadilisha yeye akaamua kufunga waya wa shaba, akasema imepona. Iliwaka kweli, ikapeleka disii (umeme wa moja kwa moja, kama wa betri) kwenye spika, koili ya wufa la inchi 15 ikaungua pale pale harusini. Hasira niliyokuwa nayo acha tu.

Huyu wa Mwanga hakuiwasha. Kafungua kifuniko, akamaliza umeme uliobaki kwenye kapasita kubwa kwa rezista nene, maana zile hata plagi ukichomoa zinaweza kukurusha, ndo akashika mita. Transista za pawa, zile zinazosukuma spika, upande wa kulia zote shoti, miguu yake ya kolekta na emita inasoma kama waya, na rezista zake za omu 0.33 zimekatika. Halafu ana globu ya zamani ya wati 100, zile zenye waya ndani, kaifunga kwenye ekstensheni ili umeme upitie kwenye globu kwanza ndo ufike kwenye mashine. Ikiwaka kali ikabaki hivyo ujue bado kuna shoti, ila mzigo inaubeba globu, transista zako mpya haziungui. Ikimulika kidogo ikafifia, hapo kapasita zimejaa na mambo yako sawa. Za LED hazifai kwa kazi hiyo, nilimuuliza.

Kilichonifanya nimheshimu ni spea. Transista zinazotakiwa ni 2SC5200 na mwenzake 2SA1943, za volti 230 na ampea 15, na feki zake zimejaa balaa. Mzigo wa kwanza ulipokuja toka Dar aliangalia maandishi akaguna, akachukua moja akaipasua kwa plaizi mbele yangu, ndani kachipu kadogo mno ukilinganisha na ile orijino iliyoungua ambayo nayo aliipasua nione. Akagoma kuzifunga. Tukasubiri nyingine, na zilipofika akabadilisha chaneli nzima pamoja na draiva zake, yaani transista ndogo zinazoziendesha zile kubwa, sio zile zilizoungua peke yake, akapaka ile grisi nyeupe kwenye hitisinki, lile bati la kupoza joto.

Mvumo ulikuwa kapasita za kwenye pawasaplai, mikrofaradi 10,000 zimekauka kwa uzee. Umeme wetu ni wa hezi 50, ukitoka kwenye diodi zinazougeuza kuwa disii mawimbi yanakuwa 100 kwa sekunde, kapasita ikichoka kuyalainisha ndo unayasikia kwenye spika. Kaweka mpya, kimya kabisa. Mwisho akapima disii kwenye tundu la spika, milivolti 14 tu, akaiacha ipate moto ndo akarekebisha bayasi, ule umeme mdogo unaopita kwenye transista hata muziki ukiwa kimya, na hata hapo akaanza na spika yake mbovu ya majaribio kabla ya kugusa ya kwangu, tofauti na yule bwana wa waya wa shaba.

Sasa lawama. Akikwambia wiki, wewe hesabu mwezi. Simu hapokei, risiti hana, na voliumu ya kushoto bado inakwaruza ukiizungusha, nilimwambia aisafishe akasema ndiyo kaka halafu hakuna kitu. Bei ya ufundi elfu sitini, spea juu yako, mi naona haki yake kwa mashine ya saizi hii, ila kwa viredio vidogo wengine watasema ghali.

Nampa nne kwa tano. Ukienda nenda asubuhi, Ijumaa mchana anafunga, na kama una harusi Jumamosi hii usimpelekee, kakodi mashine ya mtu kwanza.