Breki za jipu kwa barabara za Bukavu: cha kununua kwanza na cha kuacha dukani

Anayeishi Bukavu na kumiliki jipu hahitaji kuelezwa mteremko ni nini. Mji wenyewe umekaa juu ya vilima vinavyoingia ziwani, na njia zitokazo humo, iwe ya Walungu au ya Uvira, humfikisha dereva mahali ambapo breki hufanya kazi kubwa kuliko injini. Ngumu kuliko zote ni Ngomo, kwenye Barabara ya Taifa Namba 5 kati ya Nyangezi na Kamanyola, ambako gari hushuka kwa kona zilizobanwa kati ya ukuta wa mlima na bonde mpaka kwenye uwanda wa Ruzizi. Ushauri wote ulio hapa umepimwa kwa mteremko huo.

Nililazimika kulifikiria jambo hili siku tuliposhuka huko na Land Cruiser HZJ 78 ya kazini, tukiwa watu saba na magunia ya maharagwe nyuma. Pedali iliyokuwa ngumu tulipopita Nyangezi ilianza kulainika, kisha ikawa inakwenda hadi sakafuni, na shofere wetu, mzee mwenye busara zake, akarudisha gia ya kwanza na kuliingiza gurudumu kwenye mfereji wa upande wa mlima hadi gari likasimama. Tulikaa hapo karibu saa moja tukinusa harufu ya kuungua. Baadaye pedali ilirudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Hapakuwa na mvujo, na plakete, vibamba vinavyobana diski, zilikuwa bado nene. Kesho yake fundi alifungua kifuniko cha chupa ya mafuta ya breki akakuta kitu cheusi kama kahawa. Mwenye gari, wakati huohuo, alikuwa amekwisha kuagiza kutoka Dubai diski kubwa zenye matundu, kwa fedha ambazo zingetosha kubadili mafuta hayo kwa miaka mingi.

Kosa lake ni la kawaida, nalo linatokana na kudhani kwamba breki hushindwa kwa kukosa nguvu. Kwenye milima yetu hushindwa kwa joto. Jipu lenye tani 3 likishuka mita 500 kwa kutegemea breki peke yake huzalisha joto ambalo, kama lingeelekezwa kwenye sufuria, lingechemsha zaidi ya lita 40 za maji. Joto hilo lote hupita kwenye diski na plakete, na sehemu yake huingia kwenye mafuta yaliyo ndani ya kalipa, kifaa kinachosukuma plakete zibane diski. Mafuta hayo, kwa asili yake, hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu huo huyashushia kiwango cha kuchemka mwaka hadi mwaka. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke, tofauti na mafuta, hubanika. Ndiyo maana mguu huzama na gari haliitiki. Kwa hiyo mpangilio wa manunuzi unaofuata umefuata joto, na bei imekuja baadaye.

Nafasi ya kwanza: mafuta mapya na breki iliyorudishwa katika hali yake

Hakuna ununuzi unaolipa kuliko huu, na hakuna unaodharauliwa kuliko huu. Mafuta ya breki huuzwa kwa madaraja yanayoitwa DOT. Ya DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishaingia unyevu kiwango hicho cha chini hushuka hadi 140. DOT 4 huanza na 230 na kushuka hadi 155, DOT 5.1 huanza na 260 na kushuka hadi 180. Kwa magari mengi ya hapa ninashauri DOT 4, kwa sababu hupatikana kwa urahisi, huchanganyika na DOT 3 iliyobaki kwenye mabomba bila madhara, na huvumilia mteremko mrefu. DOT 5.1 ni bora zaidi kwa anayeipata ikiwa halisi. Kuwe na tahadhari moja kubwa: DOT 5, isiyo na nukta moja mbele yake, ni mafuta ya silikoni, haichanganyiki na hayo mengine, na haifai kumiminwa kwenye jipu lililotumia DOT 3 au DOT 4.

Nunua chupa ndogo ambayo karatasi ya kuziba iliyo chini ya kifuniko haijaguswa. Chupa kubwa iliyofunguliwa wiki tatu zilizopita na kuuzwa kidogo kidogo kwenye vikombe, jambo ambalo nimelishuhudia mara kadhaa, imekwisha kunywa unyevu wa mvua zetu. Mafuta yabadilishwe yote, gurudumu baada ya gurudumu, mpaka yatoke yakiwa safi, na kazi hiyo irudiwe kila baada ya miaka 2. Kuongeza juu peke yake si kubadilisha. Kumimina mafuta ya injini njiani kwa sababu chupa imekauka ni kuharibu mpira wote uliomo ndani, kuanzia silinda kuu hadi kwenye kalipa, kwa kuwa mpira huo huvimba.

Fundi akiwa bado na gari mikononi, mwombeni apime pia kisaidizi cha breki, kile ambacho gerejini huitwa servofreni. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu, iendelee kushikiliwa, kisha washa injini: pedali inapaswa kushuka kidogo. Ikikataa, tazameni pampu ya ombwe inayokiendesha kisaidizi hicho, ambayo nayo huchakaa. Nimeona watu wakibadilisha plakete mara mbili kwa kosa la pampu hiyo.

Nafasi ya pili: plakete

Baada ya mafuta, fedha iende kwenye plakete, ambazo wenzetu wa Afrika Mashariki huziita pedi. Madukani zipo za aina tatu. Zile laini za nyuzi asilia hukaa kimya na huitunza diski, lakini zikipata joto kubwa hupoteza mshiko. Za seramiki hazitoi vumbi jingi na zinamfaa mtu ambaye gari lake halitoki nje ya mitaa ya mjini ya Muhumba na Nguba. Zenye mchanganyiko wa chuma hupiga kelele asubuhi na huila diski haraka zaidi, ila hubeba joto na kuendelea kushika; ndizo ninazozichagua kwa gari linaloshuka milima na mzigo.

Kabla ya kulipa, geuza plakete utazame maandishi yaliyochapwa ubavuni au mgongoni. Watengenezaji wengi huandika herufi mbili: ya kwanza huonyesha mshiko ikiwa baridi, na ya pili ikiwa moto. E ni mshiko wa kati ya 0.25 na 0.35, F ni kati ya 0.35 na 0.45, na G ni kati ya 0.45 na 0.55. Kwa hiyo FF inafaa, na FE inakwambia waziwazi kwamba mshiko wake hushuka ikipata moto. Zinazokidhi kanuni ya Ulaya huwa na alama ya E yenye namba ndani ya duara, pamoja na maandishi 90R. Alama huweza kughushiwa, lakini kisanduku kizuri chenye plakete isiyo na alama yoyote si cha kununuliwa hata kikiwa na jina kubwa. Ukiona ufa kati ya bamba la chuma na kitambaa cha msuguano, irudishe palepale, kwa kuwa kitambaa kitabanduka siku ya joto la kwanza.

Nafasi ya tatu, kwa jipu lililoinuliwa

Wengi huinua jipu kwa springi ndefu ili lipite kwenye madimbwi, kisha hulalamika kwamba breki zimekuwa dhaifu. Sababu ni mbili. Matairi makubwa hudai nguvu zaidi: anayetoka inchi 31 kwenda 33 hupoteza zaidi ya asilimia 6 ya nguvu ya kusimamisha barabarani, ingawa breki yenyewe haijaguswa. Ya pili haionekani. Magari mengi ya Toyota ya kubeba mzigo yana valvu iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo, ambayo huongeza breki za nyuma gari likishuka kwa uzito. Ukiinua gari kwa springi, valvu hudhani kwamba gari ni tupu, na huzinyima breki za nyuma shinikizo hata kama magunia yamejaa. Fimbo hiyo inapaswa kurekebishwa kwa kipande kidogo cha chuma ambacho fundi stadi hukitengeneza kwa gharama ndogo.

Hapo ndipo fleksibo, yaani mipira inayopeleka mafuta kwenye breki za magurudumu, zilizofunikwa kwa waya wa chuma huwa na maana, tena zile ndefu zaidi, kwa kuwa za zamani hunyooka kupita kiasi gurudumu linapoanguka shimoni. Kwa jipu ambalo halijainuliwa, fleksibo mpya za mpira zinatosha. Za zamani huvimba zikishinikizwa, na nyingine huziba ndani hadi gurudumu likawa linajishika lenyewe na kupata moto bila pedali kuguswa.

Diski

Diski ya kawaida yenye uwazi wa hewa katikati, mpya na ya unene sahihi, ndiyo chaguo langu. Unene wa chini kabisa umechapwa juu yake baada ya maneno MIN TH, na diski iliyofika hapo haipaswi kuchongwa tena. Zenye mifereji husaidia kufuta tope na maji, ingawa hula plakete. Zenye matundu ziachwe dukani: matundu huziba kwa udongo mwekundu, na nyufa huanzia kwenye kingo zake pale diski yenye moto inapoingia ghafla kwenye dimbwi. Wenzetu wa Goma, ambao tope lao ni dogo lakini changarawe za lava ni nyingi, wazikague diski mara kwa mara zaidi yetu.

Kuondoa tamburi za nyuma

Jipu la zamani lenye tamburi (breki za ngoma) nyuma huteseka wakati wa mvua, kwa kuwa tope likiingia ndani halitoki mpaka tamburi ivuliwe na kusafishwa, ilhali diski hujisafisha. Kuweka diski nyuma ni maboresho ya kweli, lakini huja na swali ambalo wauzaji hawalitaji: breki ya mkono itafanyaje kazi? Kifurushi kisicho na jibu la swali hilo kisinunuliwe na mtu anayeegesha kwenye mteremko wa Kadutu. Mwenye fedha chache avue tamburi na kuzisafisha kila baada ya safari ya matope.

Mwisho kabisa huja vifurushi vya kalipa kubwa zenye pistoni nyingi. Vinafaa kwa jipu zito sana lenye injini iliyoongezwa nguvu. Kwa mwingine yeyote vinaleta rimu zisizoingia, plakete zisizopatikana mjini, na pengine silinda kuu isiyolingana nazo, inayoifanya pedali izame sana kabla ya kushika.

Chochote utakachonunua, usikijaribu kwa mara ya kwanza Ngomo. Plakete mpya hulazwa kwanza, yaani huzoeshwa na diski, kwenye barabara tambarare, kwa mfano kwenye sehemu nyoofu za kuelekea Kavumu asubuhi kukiwa na magari machache: punguza mwendo kutoka kilomita 60 hadi 10 kwa saa, mara nane au kumi, bila kusimama kabisa, kisha endesha polepole dakika kadhaa ili joto litoke. Na siku ya kushuka, ingiza gia ya chini kabla ya mteremko kuanza, kwa kuwa katikati yake, pedali ikiwa imekwisha kulainika, gia hiyo huenda isikubali kuingia.