Padi ya Evans RealFeel inchi 12: usinunue bila upande mweusi

Wapiga dramu wengi wa kwaya hapa Mbeya hushika vifaa siku ya mazoezi tu, tena kwa zamu. Siku nyingine dramu zimefungiwa kanisani, na kwenye vyumba vya kupanga vya Mwanjelwa au Soweto jirani mnatenganishwa na ukuta mmoja, kwa hiyo sneya (dramu ndogo yenye mlio mkali) ya nyumbani haiwezekani. Padi ya mazoezi inaziba pengo hilo, na hii ya Evans inaziba vizuri, mradi mtu aigeuze.

Ina pembe nane, ubao katikati na raba pande zote mbili. Upande mmoja ni raba laini yenye mdunduko mkubwa, na huo ndio kila mtu hukimbilia kwa sababu stiki inarudi yenyewe na mkono unajiona hodari. Upande wa pili ni mweusi, mgumu, na haurudishi stiki sana. Huo ndio unaofundisha. Mapigo pacha (KKSS; K ni mkono wa kulia, S wa kushoto) kwenye raba laini hutoka safi bila jasho. Hamia kwenye tamu kubwa ya sakafuni (dramu nene inayosimama kwa miguu yake), ngozi yake ikiwa imelegea, na pigo la pili la kila mkono linazama. Sababu ni kwamba pigo hilo lilikuwa likipigwa na raba, wala si vidole. Kwenye upande mweusi vidole vinalazimika kuifunga stiki kuelekea kiganjani ili pigo la pili lilingane na la kwanza.

Namna ya kuitumia: iweke juu ya stendi ya sneya (inchi 12 inakaa bila shida), usawa wa kitovu au chini yake kidogo. Ukiiweka juu ya meza tupu ya mbao, meza nzima inageuka dramu. Tandika taulo lililokunjwa mara nne au kipande cha godoro. Hata hivyo padi hii si bubu, saa nne usiku bado itasikika.

Stiki za 5A (saizi ya kawaida) zina urefu wa inchi 16; zishike kwenye theluthi ya nyuma, kati ya dole gumba na pingili ya kwanza ya kidole cha shahada. Anza na pigo mojamoja (KSKS) kwa metronomu ya simu (programu inayolia kwa mwendo sawa), 60 kwa dakika, mapigo manne ndani ya kila mlio, dakika tano. Fumba macho: ukiweza kutambua ni mkono gani umepiga, usipandishe spidi. Sauti zikilingana, ongeza 4. Kisha paradidoli, zoezi la kuchanganya pigo mojamoja na pacha, KSKK SKSS, ukikazia pigo la kwanza la kila kundi: stiki ya mkazo ipande kama sentimita 30, zilizobaki zisizidi 5. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya huku ikiwa imeshika vidole, anzia 50.

Hapo ndipo udhaifu wa padi unapoonekana. Raba haina rangi ya sauti kama ngozi, kwa hiyo mapigo ya kunong'ona na ya kawaida hukaribiana masikioni. Mwalimu atazame kimo cha stiki, asitegemee sikio. Na miguu haina mwalimu kabisa: sebene hudai kiki (dramu kubwa ya mguu) thabiti kwenye kila pigo huku mikono ikicheza katikati, kwa hiyo gonga kisigino sakafuni tangu siku ya kwanza. Kwa mapambio ya sita kwa nane, mwanafunzi ahesabu sita kwa mdomo, mguu kwenye 1, mkono wa kushoto kwenye 4, aimbe pambio lenyewe ndipo apige. Asiyeweza kuimba huku anapiga bado hajaushika mdundo.

Akizoea, kwa tempo ya 80 weka metronomu 40 na uisikie kama pigo la pili na la nne. Wengi hupotea ndani ya mizunguko miwili. Waache wapotee, wajirudishe wenyewe.

Kwa darasa la watoto kumi, kununua padi kumi ni anasa. Vipande vya plaiwudi vilivyovalishwa tyubu ya gari vinatosha miezi ya mwanzo, ila tyubu ivutwe sawasawa kila upande. Ikilegea kona moja, mdunduko unatofautiana na mtoto anaanza kuminya stiki.

Stiki zilizochongwa kwa paina ziwekwe mbali na raba laini. Mti wenyewe ni mwororo, ncha hufumuka haraka, na vibanzi huichana. Raba hiyo pia hushika vumbi: futa kwa kitambaa chenye maji kidogo, usiianike juani.

Ukiagiza kutoka Dar, omba picha ya pande zote mbili kabla ya kulipa, maana ipo pia ya upande mmoja na kwa mbele zinafanana. Ya inchi 6 inaingia kwenye begi, lakini mikono hubanana.