Zoom H1n mkononi mwa mtunzi wa nyimbo, Arusha

Kinasa sauti hiki cha mkononi kilitoka 2018, na bado ndicho ningempendekezea mtunzi anayeandika kila siku. Sababu yangu kubwa si maiki zake mbili bali kazi ya A-B, ile ya kurudiarudia kipande kimoja.

Chukua biti ya 90 BPM, yaani mapigo 90 kwa dakika. Baa nane za mapigo manne manne ni sekunde 21 na kidogo. Imba melodi bila maneno, weka A mwanzoni na B mwishoni, kisha iache izunguke huku unaandika. Mistari ikishapatikana, irekodi, halafu isikilize kwa mwendo wa pole. Hapo makosa yanajianika. Mkazo wa Kiswahili unakaa silabi ya pili kutoka mwisho. Pigo zito likiangukia silabi ya mwisho, neno linapinda na msikilizaji halidaki. Dawa ni kuchelewesha mstari kwa nafasi ya silabi moja, au kutanguliza kijineno kama "na". Simu nayo inarekodi, sawa, lakini kinasa cha kawaida cha simu hakikupi urahisi huu, na WhatsApp inaingia katikati ya kiitikio.

Rasimu zirekodi kwa WAV, faili la sauti isiyobanwa, ubora wa 16-bit, 44.1 kHz. Dakika moja inakula takriban MB 10, hivyo kadi ya GB 32, ambayo ndiyo kikomo chake, inabeba kama saa 50. Ukipandisha hadi 24-bit na 96 kHz, dakika inakula karibu MB 35, na rasimu haifaidiki chochote. Auto Level, ile inayojipangia kiwango cha sauti, izime. Ukinyamaza kati ya mistari, yenyewe inapandisha sauti, na bodaboda zote za barabara ya Sakina zinahamia ndani ya wimbo. Rekebisha kwa mkono hadi sehemu unayoimba kwa nguvu ifike -12 dB kwenye kipimo cha skrini.

Kaa shibiri moja kutoka kwenye maiki, ukiielekeza pembeni kidogo ya mdomo, maana herufi p na b hupuliza. Kwa gitaa, sentimita 30, ikitazama pale shingo inapokutana na mwili. Ukiielekeza kwenye tundu, besi inavuma na kumeza nyuzi nyembamba.

Udhaifu upo. Mwili ni wa plastiki, na ukikishika mkononi kila msuguano wa kidole unasikika. Kiweke kwenye stendi ndogo au juu ya kanga iliyokunjwa. Hakina tundu la XLR, lile la pini tatu, kwa hiyo maiki ya studio haichomeki. Wimbo wa kutoa upeleke kwa prodyuza. Na mvua ya masika ikipiga bati, hakuna kitufe kitakachokusaidia.

Kinatumia betri mbili za AAA, zile za rimoti, zinazopatikana hata duka la mtaani Ngarenaro, kwa hiyo umeme ukikatika kazi inaendelea. Za alkalini hufika kama saa 10. Zile za bei ya chini huisha mapema sana.

H1essential, ndugu yake mpya wa 2024, inarekodi 32-bit float, mfumo unaobeba sauti ndogo na kubwa bila kupasuka, hivyo huhangaiki kupanga kiwango cha sauti. Bei zikikaribiana, chukua hiyo. Zikipishana sana, baki na H1n, na chenji inunulie betri za kuchaji na stendi.