CD 4 za Bobby Rush: usiziruke zile za katikati

Boksi hili la Chicken Heads, CD nne za nyimbo za Bobby Rush, mwanamuziki wa bluzi wa Marekani, lililotolewa na kampuni ya rekodi ya Omnivore mwaka 2015, nililinunua kwa mtu mmoja mtandaoni. Aliandika "kama mpya". CD ya nne ilikuwa na mkwaruzo, na wimbo mmoja ukawa unakwama kama mtu mwenye kigugumizi. Nikaipaka dawa ya meno, nikasugua na kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, kama tulivyokuwa tukifanya na CD za Bongo Fleva enzi hizo Mbagala. Ikakubali. Muuzaji alipoona picha alinirudishia nusu ya hela, tukaishia hapo.

Mimi ni dereva wa lori, naishi Memphis, na kila wiki nashuka na barabara kuu ya 55 hadi Jackson, Mississippi, maili 200 na ushei. Lori lenyewe halina pa kuingiza CD, kwa hiyo zote nilizihamishia kwenye flashi. Nimezisikiliza tangu mwanzo hadi mwisho zaidi ya mara kumi, tena nikiwa macho makavu.

Kwa asiyemjua Rush: jina lake la kuzaliwa ni Emmett Ellis Jr., alizaliwa 1933 karibu na Homer, Louisiana. Baba yake alikuwa mchungaji, na kwa kumheshimu mzee, kijana hakutaka jina la ukoo libandikwe kwenye milango ya vilabu. Akajitungia lake. Utotoni alipigilia waya wa ufagio ukutani akaufanya gitaa. Walipohamia Pine Bluff, Arkansas, alikuwa akibandika masharubu ya bandia ili aonekane mtu mzima aruhusiwe kupiga muziki kwenye vilabu vya pombe. Kisha akaenda Chicago, na huko akasota sana. Chicken Heads, wimbo uliolipa boksi jina, ulitoka 1971. Besi na gitaa mle zinadonoa kama kuku kwenye pumba. Huo utaupenda hata kama bluzi huijui.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Ukifika miaka ya 1980, huko katikati ya boksi, Rush akiwa ameshahamia Jackson, sauti ya muziki inabadilika ghafla. Ngoma ni za mashine, kinanda kinalia kama cha mtoto wa chekechea. Mara ya kwanza niliruka karibu zote, nikasema mzee hapa aliishiwa hela ya kulipia wapigaji.

Siku moja nashusha mzigo Jackson, dirisha liko wazi, flashi ikaangukia kwenye wimbo wake uitwao Sue. Mzee mmoja mwendesha foklifti akazima mashine yake, akaja kusimama chini ya mlango wangu. Alikuwa anaujua wote, si kuimba tu, hata pale Rush anapoacha kuimba na kuanza kupiga soga, hata zile pumzi kabla ya kichekesho. Alicheka mwenyewe kabla ya sehemu ya kuchekesha haijafika. Nilipomwambia ngoma za mashine zinaniudhi, akanitazama kama nimetukana ndugu yake.

Tangu siku hiyo nikaanza kusikiliza maneno. Kwa kweli mtu wa Pwani hahitaji mkalimani hapa. Ni mafumbo matupu: kuku, bata dume na bata jike, mke wa jirani, na wewe mwenyewe unajaza kilichobaki, kama taarabu ya mipasho usiku wa manane. Nyimbo hizi hazikutengenezwa kwa ajili ya wakosoaji wa New York. Zilitengenezwa kwa ajili ya vilabu vya watu weusi wa Kusini, ule mzunguko ulioanza zama za ubaguzi na kupewa jina la "chitlin", yaani utumbo wa nguruwe uliokuwa ukiliwa humo. Humo Rush alikuwa mfalme miaka mingi huku Marekani iliyobaki haina habari naye.

Kinachokosekana kwenye boksi ni macho. Nilikwenda kumwona jukwaani akiwa ameshavuka miaka 80. Mzee anaruka, wacheza shoo wanatikisa, halafu anatoa chupi ya kike kubwa kama tanga la ngalawa na kuitandaza mbele ya watu. Bibi zetu waliovaa kofia za kanisani ndio waliocheka kuliko wote. Hakuna CD itakayokupa hiyo.

Pia jua kwamba boksi linaishia kabla ya Grammy, zile tuzo kubwa za muziki za Marekani. Porcupine Meat, albamu iliyomshindia ya kwanza mwaka 2017 akiwa na miaka 83, itabidi uinunue peke yake. Vivyo hivyo Rawer than Raw ya tuzo ya 2021, yeye na gitaa na harmonika yake tu, na All My Love for You iliyoshinda 2024. Ukipenda bluzi kavu, anza na Rawer than Raw, boksi baadaye.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa sababu haya si mambo ya kusikiliza na watoto garini. Binti yangu wa miaka tisa ameshaniuliza hivyo vichwa vya kuku ni vya nini. Nimemwambia vya supu.